Kabla Hamjanunua Kinanda, Zimeni Stima

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi, kazi imenibana, na ule mfululizo wa hifadhidata niliowaahidi bado uko njiani. Mtanivumilia. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya kinanda.

Wengi wenu mnanijua kama mwandishi wa programu tu. Jumapili mimi ni mpiga kinanda wa kanisa moja hapa Umoja, kanisa la kawaida lisilo na jengo lake, linalokodi ukumbi wa shule kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane. Nimepiga hapo tangu nikiwa kidato cha tatu. Kinanda tulicho nacho kimezeeka. Fa ya katikati haitoi sauti mpaka uigonge kama unaua mende, na kile kidude cha kuongeza sauti ukikigusa spika zinakohoa. Kwa hivyo tulifanya harambee, na baada ya miezi minane tumepata shilingi 165,000.

Hizo si pesa za mheshimiwa aliyekuja na msafara. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza michango kwenye lahajedwali (kamati zote duniani humpa mtu wa kompyuta kazi hiyo), kwa hivyo naujua kila mstari. Kuna mama anayeuza sukuma wiki pale Mutindwa aliyetuma shilingi 200 kwa M-Pesa kila Jumapili, Jumapili 34 bila kuruka hata moja. Jumla yake ni 6,800. Ninapozungumzia pesa hizi, huyo ndiye ninayemwona.

Sasa kamati ya watu saba, ambamo anayejua kupiga kinanda ni mmoja, inataka kununua dude. Ni kinanda cha mtumba cha daraja la juu, vibao 88 vizito kama vya piano, skrini ya kugusa, taa za rangi. Kimeonekana katika duka moja Luthuli Avenue. Bei ni 160,000, yaani tunabaki na elfu tano ya stendi. Nilipouliza kwa nini hicho, mwenyekiti, mzee ninayemheshimu kama baba, aliniambia, "Kijana wangu, hatutaki kitu cha watoto. Na hicho kina sauti zaidi ya elfu mbili."

Sauti elfu mbili! Mzee, kwa heshima zote, nimepiga katika kanisa hilo miaka zaidi ya kumi na nimetumia sauti sita.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kubishana na yeyote. Kinanda cha kupigia mbele ya watu hakichaguliwi kwa siku yake nzuri. Siku nzuri kila kinanda ni kizuri, hasa dukani, ambapo muuzaji amekipanga, kiyoyozi kinavuma na ile demo inajipiga yenyewe. Kinachaguliwa kwa dakika yake mbaya: stima imepotea, kwaya iko katikati ya ubeti, pasta anakutazama.

Wacha niwaeleze dakika yangu mbaya.

Novemba 2022, harusi, Buruburu. Nimeazimwa kinanda kizuri tu, chapa yake siitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kwaya inaimba katika kii ya A flati. Mimi, kama wapiga kinanda wengi wa Eastlands tuliojifunza kwa kutazama vidole vya wengine, napiga maumbo ya C na kuachia kitufe cha transpozi kazi ya kuhamisha. Nimekishusha mara nne: C, B, B flati, A, A flati. Asubuhi hiyo nimetengeneza pia mchanganyiko wangu, piano chini, nyuzi juu yake, mwangwi kidogo. Sikuuhifadhi. Niliona nitautumia siku hiyo moja tu.

Bibi harusi yuko katikati ya njia na baba yake. Stima ikapepesa. Sekunde tano, pengine sita, halafu ikarudi. Kwaya, Mungu awabariki, haikuacha kuimba. Amplifaya ikapiga buum, miksa ikawaka, kinanda kikawaka. Nikarudisha vidole palepale vilipokuwa na kupiga kodi kwa nguvu zote ili kuwaunga mkono.

Ikatoka C. Piano tupu ya kiwandani, katika C, juu ya watu arobaini wanaoimba A flati.

Nikaanza kubonyeza kitufe cha transpozi, moja, mbili, nne, nikapitiliza, nikarudi, huku nusu ya kwaya ikijaribu kunifuata na nusu ikibaki ilipokuwa. Mjomba wa bwana harusi aliuliza kwa sauti kama mpiga kinanda amekunywa. Video ipo. Sitawaambia iko wapi.

Nilikaa na aibu hiyo wiki nzima, halafu elimu yangu ikaanza kufanya kazi. Tazama jambo hili. Stima ilipokatika, vyombo vyote vilizimika pamoja. Iliporudi, miksa ilikuwa vilevile tulivyoiacha. Kwa nini? Kwa sababu ni miksa ya kizamani na kumbukumbu yake ni vile vifundo vyenyewe. Kifundo kilichogeuzwa hadi saa tisa kinabaki saa tisa, kuwe na stima kusiwe. Amplifaya vivyo hivyo. Gitaa la besi halikujua hata kama kuna lililotokea. Chombo pekee kilichosahau ni kile chenye kompyuta ndani yake, kwa sababu transpozi na mchanganyiko wangu vilikuwa vinakaa kwenye ile kumbukumbu inayofutika umeme ukiondoka, kama barua ndefu ambayo hujaihifadhi.

Kila mwandishi wa programu anajua kuuliza: mfumo huu ukianguka ghafla na kuamka, unaamka katika hali gani? Tunauliza hivyo kwa mfumo wa benki, tunauliza kwa tovuti ya kuuza viatu. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza hivyo Luthuli. Na jibu linapatikana kwa dakika moja. Panga transpozi, changanya sauti mbili, chomoa waya ukutani, urudishe, uone. Kisha hifadhi mpangilio huo katika kumbukumbu ya kinanda, chomoa tena, urudishe, na uhesabu ni vitufe vingapi unabonyeza mpaka urudi ulipokuwa. Kimoja ni sawa. Viwili navumilia. Ukihitaji kuingia kwenye menyu, ondoka dukani.

Kuna rafiki, fundi wa sauti, aliyenipinga: stima ikipotea spika nazo zimezima, sasa kinanda kitakusaidia nini? Hoja nzuri, lakini inapita kando. Stima ikipotea kabisa, kama usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 ambapo karibu nchi nzima ilikuwa giza, hapo hakuna mjadala, tunapiga makofi. Ninayoizungumzia ni ile ya kupepesa, na ile ya jenereta: inapotea, kijana anakimbia nyuma ya ukumbi, anavuta kamba, inarudi. Hizo ndizo zinazotuumiza, maana ibada haisimami.

Hapa ndipo yale makubwa yanapojifunga kamba. Nianze kwa kuyasifu. Korg walipotoa OASYS mwaka 2005, na baadaye Kronos mwaka 2011, ndani waliweka kompyuta kamili yenye kichakataji cha Intel, na juu yake wakaweka Linux. Linux, jamani! Moyo wangu ulipasuka kwa furaha siku niliyosoma hayo. Kronos ni mashine ya ajabu, na mtu wa studio akiniambia anaiuza nitamwangalia kwa huruma. Lakini kompyuta ni kompyuta. Inawaka kama kompyuta, inapakia sampuli zake kutoka kwenye diski, na Kronos huchukua kama dakika mbili hivi mpaka iwe tayari kupigwa. Kwenye jukwaa la London lenye umeme usiokatika, dakika mbili ni muda wa kunywa maji kabla ya onyesho. Kwenye harusi ya Buruburu, dakika mbili ni bibi harusi kufika mbele, kuketi, na kuanza kukutazama. Utaniambia ununue UPS. Sawa, nunua, lakini iandike kwenye bajeti, maana kwenye ile elfu tano ya stendi haimo.

Turudi kwenye hesabu ya sauti, kwa sababu ndiyo iliyowalewesha wanakamati.

Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7. Ilikuwa na sauti 32 ndani. Thelathini na mbili. Ingeweza kutoa noti 16 kwa wakati mmoja, basi. Nyimbo za pop za miaka ya 1980 zimejaa piano yake ya umeme na besi yake. Mwaka 1988 Korg walitoa M1, na rekodi zote za ala zilizokuwa ndani yake zilikaa katika megabaiti 4. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuzidi hapo. Piano ya M1 na kinanda chake cha kanisa vikajenga muziki wa haus, na watu bado wanaviiga. Sasa wewe unaniambia kwaya yetu ya watu ishirini na wanane haiwezi kumsifu Mungu bila sauti elfu mbili?

Siri ya ile namba ni kwamba kuiongeza hakuna gharama. Chukua sampuli ya piano, ing'arishe kidogo, iite piano ya pili. Iongezee mwangwi, ni ya tatu. Ndiyo maana kinanda cha bei ndogo kabisa kinaweza kuandikwa mamia ya sauti kwenye boksi.

Namba ambayo ningependa muisome haiandikwi kwa herufi kubwa. Ni polifonia, yaani ni noti ngapi chombo kinaweza kulia kwa pamoja kabla hakijaanza kukata za zamani. Tuseme kina 48. Unasikia ni nyingi, una vidole kumi tu. Lakini changanya piano na nyuzi, kila moja ikitumia sampuli mbili, tayari kila kidole kinakula nne. Vidole vinane ni 32. Sasa kanyaga pedali ili noti zibaki, badilisha kodi, na umeshavuka. Zile za chini zinaanza kukatika, hasa besi ambayo ndiyo waimbaji wanaishikilia. Hutaisikia dukani kwa sababu dukani hupigi hivyo. Utaisikia kwenye nyimbo za polepole za kuabudu, pale hasa ambapo hutaki kitu kikatike. Kwa wenye nia ya kuchanganya sauti, 64 ndiyo ya kuanzia, na 128 utalala usingizi. Na kibao kihisi mguso, ukigonga kwa upole kilie kwa upole. PSR-F51 ya Yamaha, kwa mfano, ni nzuri kwa mtoto kuanzia lakini vibao vyake havihisi. Usiipeleke jukwaani.

Sisemi kwamba kila mtu anahitaji kinanda kimoja. Tazama Pwani na Visiwani. Taarab ya kisasa ilipopanda katika miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody viliweka kinanda mahali ambapo orkestra za zamani ziliweka fidla na akodioni. Mpiga kinanda wa huko ana swali ambalo mimi sina: je, chombo kinaweza kushusha noti kwa robo toni, kwa haraka, katikati ya wimbo? Ndiyo sababu Yamaha wana familia nzima ya PSR-A kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Huyo akinunua kwa wingi wa sauti na kusahau robo toni, amenunua samani. Mtu wa Umoja ana maswali yake pia, na mengi yanahusu waya na mgongo.

Waya kwanza. Vinanda vingi vya mtumba vinavyofika hapa vimetoka nje. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, sisi 240. Kikiwa na adapta ya nje iliyoandikwa 100 hadi 240, hakuna shida. Kikiwa na pawa saplai ya ndani ya volti 100 au 120 pekee na ukakichomeka moja kwa moja hapa, utanusa harufu ya shilingi 160,000. Geuza chombo, soma nyuma. Lile dude la Luthuli nililigeuza kwa msaada wa vijana wawili: limeandikwa volti 120. Muuzaji akasema "hiyo tutawapa transfoma". Transfoma hiyo ni uzito mwingine, na siku moja mtu asiyejua atachomeka bila hiyo. Katika kanisa lenye vijana thelathini wa kujitolea, siku hiyo itafika.

Mimi napenda adapta ndogo ya volti 12. Ikifa, inapatikana mjini mchana huohuo, mradi uangalie kama katikati ya plagi ni chanya au hasi, kwa sababu ukikosea unaweza kuunguza kinanda. Na volti 12 ina baraka nyingine. Zile betri ndogo za kengele za wezi, volti 12, ampea-saa 7, zina wati-saa 84. Kinanda kinachokula wati 10 kitapiga saa nane kwa hesabu ya karatasi. Tuseme saa nne ili usiimalize betri. Mwombe fundi akuwekee kidhibiti cha volti, kwa kuwa betri iliyojaa huvuka 12. Gharama yake ni ndogo, na hapo kupepesa kwa stima hakukuhusu tena. Vingine hata havihitaji ufundi huo, vina sehemu ya betri za kawaida chini yake.

Nikiwa bado kwenye umeme, kuna mtego ambao umewapata wengi. Kwa ajili ya kanuni za Ulaya za kuokoa nishati, vinanda vingi vya miaka ya karibuni hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kujizima visipoguswa kwa muda. Katika PSR nyingi za Yamaha muda huo ni dakika 30. Hebu niambie ni pasta gani wa Eastlands anayehubiri dakika 30. Anafika mwisho, anafumba macho, ananyoosha mkono nyuma kuomba muziki wa taratibu, na wewe unabonyeza kibao kilichokufa. Dawa ni rahisi: katika PSR-E nyingi, shikilia kibao cha kwanza kabisa kushoto huku ukiwasha, na mpangilio huo unaondoka. Soma kitabu cha maelezo. Najua hakuna anayekisoma. Kisome.

Sasa mgongo, na hapa ndipo nilipogombana na kamati hasa.

Nimesema hatuna jengo. Kila Jumapili vyombo vinaletwa na kuondolewa. Alhamisi tunafanya mazoezi katika sebule ya mmoja wetu, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Mwisho wa mwezi kuna kesha, mara nyingine Kayole, mara nyingine Dandora. Montage 8 ya Yamaha, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo ni mfano mzuri wa vinanda vya daraja hilo, ina kilo 29, bila sanduku lake. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Umebeba zaidi ya nusu yake, na umbo lake ni refu kama jeneza la mtoto. Makondakta wa 58 ninawajua. Watakulipisha viti viwili na kukutukana cha tatu.

Na ni nani atakayebeba? Kuna binti wa miaka kumi na sita anayenifuata kwenye kinanda. Anatoka Kayole. Mkono wake wa kushoto tayari umenipita, nakiri. Nyumbani kwao hakuna kinanda, kwa hivyo hukichukua cha kanisa Jumatatu na kukirudisha Alhamisi, mgongoni, ndani ya matatu. Ndiyo njia pekee aliyojifunzia. Hilo dude likinunuliwa litakaa nyumbani kwa mwenyekiti, kwa usalama, limefunikwa kitambaa. Nililisema hilo kikaoni. Mjumbe mmoja akanijibu kwamba chombo cha bei hiyo hakiwezi kupewa mtoto. Basi! Alikuwa ametoa hoja yangu bora kuliko nilivyoweza kuitoa mimi.

Mtaniuliza, kama mnavyoniuliza kila mara: wewe mtu wa kompyuta, kwa nini usipige kwa laptopu? Nimejaribu, miezi minne. Ina faida moja kubwa ambayo sitaificha, ina betri yake, stima ikipepesa haistuki. Lakini kuna ucheleweshaji. Sauti inasubiri kwenye bafa kabla ya kutoka. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 5.8, kama kuwa mita mbili kutoka kwenye spika, hutaisikia. Laptopu yangu ya zamani ilianza kukwaruza hapo, ikanilazimisha kupanda hadi 1024, ambayo ni milisekunde 23, sawa na kupiga ukiwa mita nane kutoka kwenye spika. Mpiga ngoma alidhani nina usingizi. Mwenye laptopu nzuri na kadi ya sauti nzuri atapiga vizuri, sikatai. Ila mimi ni yule ambaye kila siku anarekebisha kompyuta za watu. Jumapili nataka chombo kisichoniuliza kama nataka kusasisha.

Halafu kuna mambo madogo ambayo nitayapitia mbio. Kiwe na matundu mawili makubwa ya kutolea sauti, kushoto na kulia, siyo tundu la hedfoni peke yake. Tundu dogo hulegea na kukwaruza. Kiwe na tundu la pedali. Vitufe vya sauti zako nne tano viwe vikubwa na viguswe gizani. Ukibadilisha sauti huku umeshikilia kodi, sikiliza kama ile ya kwanza inakatwa kama kwa kisu. Basi.

Nakubali pia upande wa pili. Mtu aliyesoma piano kwa walimu, anayepiga Bach, atateseka kwenye vibao vyepesi, na mwenye studio yake Donholm ana kila sababu ya kununua mashine kubwa na kuiacha mezani. Vibao 61 vinabana pia. Kuna nyimbo mbili tatu ambazo mkono wangu wa kushoto hutafuta sakafu na kuikosa. Hiyo ni gharama na nimekubali kuilipa.

Kwa hivyo nimeipa kamati majina matatu. Roland JUNO-DS61, ya mwaka 2015: kilo 5.3, polifonia 128, inakubali betri nane za AA za kuchajiwa. Yamaha MX61, ya mwaka 2013: kilo 4.8, polifonia 128, sauti zake zimetokana na Motif XS ambayo nayo ilikuwa dude la wakati wake. Betri haina, lakini adapta ni ya volti 12. Korg Kross 2 ya vibao 61: kilo 3.8, betri sita za AA. Hakuna kati ya hizo inayowaka kama kompyuta. Nimeulizia za mtumba zilizo safi mwezi huu, na yoyote kati ya hizo inabakiza pesa za pedali, begi lenye sponji, stendi isiyotikisika, betri ya kengele na adapta ya akiba. Pengine na miezi michache ya mwalimu wa muziki kwa binti wa Kayole, ingawa hilo nikilitaja kikaoni naambiwa tusichanganye mambo.

Kura ni Jumapili hii baada ya ibada. Kwa kuhesabu vidole, niko mimi na mama mweka hazina, watano wako upande wa pili. Nimeomba jambo moja tu na mwenyekiti amekubali, nadhani kwa kuniondolea usumbufu. Muuzaji wa Luthuli atalileta dude lake ukumbini, na mimi nimeazima JUNO ya rafiki kutoka Komarock. Tutavichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Kwaya itaanza kuimba katika A flati, na mama wa Mutindwa, ambaye ameshakubali, atasimama karibu na swichi ya ukutani.

Atazima wakati wowote anaotaka.